Jinsi ya kuthibitisha kwamba protini huzuia uvimbe kwa kuongoza uvunjwaji wa protini nyingine: mwongozo kamili kwa mfano wa VHL na HIF

Kuna hitimisho moja linaloandikwa kwa wepesi mno katika ripoti za maabara: tulipoongeza protini A, protini B ilipungua na uvimbe ukadumaa, kwa hiyo A huzuia uvimbe kwa kuivunja B. Ndani yake mna madai matatu, na kila dai linadai ushahidi wake. Huenda B imepungua kwa sababu jeni yake imenyamaza, wala haikuvunjwa. Huenda imevunjwa kweli, lakini A haikuhusika. Na hata ikithibitika kwamba A ndiyo inayoivunja, bado uvimbe unaweza kuwa umedumaa kwa sababu nyingine kabisa, maana protini nyingi hufanya kazi zaidi ya moja.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtafiti anayeanza ambaye ana protini yake mkononi na anataka kulifikia hitimisho hilo kihalali. Nitapita njia nzima kwa kutumia VHL, protini inayoizuia saratani ya figo kwa kuamuru HIF, protini ya kukabili uhaba wa oksijeni, ivunjwe. Nimeichagua kwa sababu kila kiungo cha mnyororo wake kimejaribiwa na watu wengi kwa njia tofauti, kwa hiyo unajua jibu sahihi linafananaje kabla hujaanza kuuliza kuhusu protini yako.

Ijue mashine kabla ya kuijaribu

Seli haivunji protini ovyo. Protini inayotakiwa kuondoka hubandikwa ubikwitini, kiprotini kidogo chenye asidi amino 76. Kimeng'enya E1 huiamsha ubikwitini kwa nishati ya ATP, E2 huipokea, na E3 huikutanisha na protini inayolengwa. Ubikwitini moja hushikana na nyingine hadi uwe mnyororo, na mnyororo uliounganishwa kupitia lisini ya 48 ndio tiketi maarufu ya kuingia kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kukatia protini. Huko protini hukunjuliwa, huingizwa katika tundu la kati na kukatwakatwa vipande vifupi. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa kuufumbua mfumo huu.

Uchaguzi wa nani avunjwe uko kwa E3. Binadamu ana aina zaidi ya 600 za E3, ilhali E1 za ubikwitini ni mbili tu. Ndiyo maana E3 zinajitokeza sana katika saratani, tena pande zote mbili: VHL na FBW7 huzuia uvimbe, lakini MDM2 huusaidia kwa kuwa huivunja p53, protini nyingine inayozuia uvimbe. Kwa hiyo usianze na dhana kwamba E3 yako lazima iwe nzuri au mbaya. Tazama inamvunja nani.

VHL yenyewe ni sehemu ya E3 yenye viungo kadhaa. Upande mmoja hushika elongini C, ambayo huleta elongini B, kulini 2 na RBX1; RBX1 ndiyo inayomkaribisha E2. Upande wa pili humtambua mlengwa. Jina limetokana na madaktari Eugen von Hippel na Arvid Lindau, ambao ugonjwa wa kurithi unaitwa kwa majina yao. Jeni ilitambuliwa mwaka 1993 kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 3. Mgonjwa hurithi nakala moja mbovu, na seli inapoipoteza nakala ya pili, uvimbe huanza: kwenye retina, kwenye ubongo mdogo, kwenye tezi zilizo juu ya figo, na kwenye figo zenyewe. Hata katika saratani ya figo ya seli angavu isiyo ya kurithi, VHL huwa imeharibika katika wagonjwa walio wengi.

Mlengwa mkuu ni HIF-alfa, protini inayowasha jeni za kukabili uhaba wa oksijeni. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya vinavyoitwa PHD huongeza kikundi cha haidroksili kwenye prolini mbili za HIF-1alfa, ya 402 na ya 564. VHL huiona alama hiyo na HIF huvunjwa ndani ya dakika chache. Oksijeni ikiadimika alama haiwekwi, HIF hujaa, huingia kwenye kiini na kuwasha VEGF inayochochea mishipa mipya ya damu, erithropoietini, na kisafirisha glukosi GLUT1. Seli isiyo na VHL huishi kana kwamba inakosa hewa hata oksijeni ikiwa tele. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipata Nobel ya Tiba mwaka 2019 kwa kueleza jinsi seli inavyoihisi oksijeni.

Hatua ya 1: Andaa jozi za seli

Unahitaji seli zilizokosa protini yako na seli zilezile zilizorudishiwa. Kulinganisha saratani ya mgonjwa mmoja na seli za kawaida za mtu mwingine hakusaidii, kwa sababu zinatofautiana kwa mambo elfu.

Kwa VHL, seli zinazotumiwa sana ni 786-O na RCC4, zote za saratani ya figo na zote hazina VHL inayofanya kazi. Tengeneza matoleo manne: yenye vekta tupu (kibeba jeni kisicho na VHL ndani), yenye VHL nzima, yenye VHL iliyoharibiwa upande wa kumshika mlengwa (kwa mfano Y98H, badiliko la asidi amino moja linalodhoofisha mshiko huo), na yenye VHL isiyoweza kushika elongini C (kwa mfano C162F). Hayo mawili ya mwisho watu huyaruka ili kuokoa muda, nami nasisitiza usiyaruke. Ndiyo yatakayokuambia kama athari unayoiona inatokana na kazi ya E3, au ni uzito tu wa protini iliyozidishwa ndani ya seli.

Angalia kiwango. Promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni) yenye nguvu inaweza kutoa VHL nyingi kuliko ilivyo kwa seli yoyote hai, na E3 iliyozidi hushika hata wasio walengwa wake. Pima kiwango ulichorudisha dhidi ya seli za figo zenye VHL yake ya asili. Ukiona bendi mbili kwenye bloti (kipimo kinachoonyesha protini kama bendi kwenye utando) usishtuke: VHL ndefu ina asidi amino 213, na fupi huanzia kwenye methionini ya 54. Zote mbili hufanya kazi.

Jambo lingine lililowatesa wengi: 786-O haitengenezi HIF-1alfa. Ina HIF-2alfa pekee, ndugu yake. Mtu akiitafuta HIF-1alfa humo atakesha na kingamwili nzuri kabisa bila kuona kitu. RCC4 inazo zote mbili. Na kabla ya lolote, thibitisha utambulisho wa seli kwa alama za DNA na upime maikoplasma, bakteria wanaochafua seli za maabara.

Hatua ya 2: Tenga jeni na protini

Pima mRNA ya mlengwa (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) kwa PCR ya papo kwa papo, na pima protini kwa western bloti, kutoka kwenye sahani zilezile. Mlengwa akipungua kama protini huku mRNA yake ikibaki palepale, una sababu ya kuendelea. mRNA nayo ikishuka, simama kwanza: inawezekana A inadhibiti unakilishaji wa jeni.

Pima pia jeni zinazowashwa na mlengwa wako, kwa sababu protini inaweza kuonekana kwenye bloti na isifanye kazi. Kwa HIF tazama VEGFA na GLUT1. CA9 hutumiwa sana, lakini inaitikia zaidi HIF-1alfa, kwa hiyo ndani ya 786-O haitakusaidia.

Hatua ya 3: Pima nusu-uhai

Hapa ndipo swali la uvunjwaji linapoulizwa moja kwa moja. Unazuia utengenezaji wa protini zote kwa siklohekzimidi, kisha unatazama ile iliyopo inavyotoweka.

Kwa protini zinazokwisha haraka kama HIF, chukua sampuli kwenye dakika 0, 5, 10, 20, 40 na 60. Kwa protini yenye maisha marefu, panga kwa saa. Mikrogramu 50 hadi 100 za siklohekzimidi kwa kila mililita hutosha seli nyingi za binadamu, ila jaribu kwanza kwenye seli zako. Hakikisha dawa imefanya kazi kwa kupima MYC kwenye utando huohuo. Nusu-uhai wake ni kama nusu saa tu, hivyo ikibaki imesimama baada ya saa nzima, tatizo ni dawa. Kwa kulinganisha upakiaji tumia protini inayodumu, kama tubulini au vinkulini.

Sasa mtego. Katika seli zenye VHL na oksijeni ya kawaida, HIF ni kidogo mno kwenye dakika sifuri, na huwezi kupima kushuka kwa kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo kwanza ijaze: weka seli kwenye kabati la oksijeni asilimia 1 kwa saa nne hivi, kisha zitoe, ongeza siklohekzimidi na uanze saa palepale. Seli zisizo na VHL zipitishe njia hiyohiyo, hata kama HIF yake imejaa tayari. Zikitendewa tofauti, ulinganisho umekufa.

Kasi ya mikono ndiyo inayotofautisha jaribio zuri na bovu. Protini yenye nusu-uhai wa dakika tano hupotea wakati unatafuta pipeti. Weka sahani juu ya barafu, mwaga midia, suuza mara moja kwa bafa baridi, mimina bafa ya kuvunjia seli na ukwangue. Mimi napendelea kuvunja seli moja kwa moja kwa bafa ya moto yenye SDS, sabuni kali, sahani moja baada ya nyingine, kwa sababu vimeng'enya vyote hufa papo hapo. Ukitumia bafa isiyo na SDS, ongeza deferoksamini ili kunyima PHD chuma wanachokihitaji; vinginevyo HIF itaendelea kuwekewa alama ndani ya tyubu yako.

HIF-1alfa hukaa kwenye kilodaltoni 110 hadi 120 kwenye jeli, juu ya uzito unaohesabiwa kutokana na mfuatano wake. Bendi iliyo kwenye 90 ichunguze kwa shaka mpaka iondoke ulipoizima jeni.

Baada ya kupima uzito wa bendi, chora logi asilia (ln) ya kiasi kilichobaki dhidi ya muda. Mteremko ukiwa mstari ulionyooka, nusu-uhai ni 0.693 ukigawanya kwa kasi ya kushuka. Kwa mfano, ukianza na 100 na baada ya dakika 10 ukabaki na 25, umepita nusu mbili, yaani nusu-uhai ni dakika 5. Rudia kwa seli zilizokuzwa siku tofauti. Visima vitatu vya siku moja ni kipimo kimoja.

Tahadhari ya mwisho: siklohekzimidi haichagui. Inazuia pia utengenezaji wa E3 yako, na kama E3 yenyewe ina maisha mafupi, mlengwa ataonekana kudumu kuliko ukweli. Pima E3 kwenye utando uleule.

Hatua ya 4: Ni njia gani ya uvunjaji?

Protini zinaweza kuishia kwenye proteasomu au kwenye lisosomu, kifuko cha seli chenye vimeng'enya vya kusaga. Ongeza MG132, inayozuia proteasomu, mikromola 10 kwa saa nne hadi sita, na kwenye sahani nyingine weka bafilomisini A1 inayozuia lisosomu. MG132 hugusa pia vimeng'enya vingine vya kukata protini, kwa hiyo rudia kwa bortezomibu, kizuizi kingine cha proteasomu. Usizidishe muda: proteasomu ikizibwa kwa saa nyingi, ubikwitini huru huisha na seli huanza kufa, na baada ya hapo hakuna matokeo ya kuamini.

Dawa ya MLN4924 inakusogeza hatua moja mbele. Inazuia NEDD8, kiprotini kinachoiwasha kulini, isibandikwe kwenye kulini, na E3 zote za familia ya kulini husimama. HIF ikijaa baada ya MLN4924, umeshapunguza orodha ya watuhumiwa.

Kitu cha kutazama hapa ni tofauti kati ya seli. MG132 iinue HIF sana kwenye seli zenye VHL, na isiongeze mengi kwenye seli zisizo nayo, kwa sababu humo tayari haivunjwi. Ikiinua sawasawa kote, basi kuna E3 nyingine inayofanya kazi hiyo na VHL siyo jibu lako.

Ukipata kingamwili inayotambua HIF-1alfa iliyowekewa haidroksili kwenye prolini ya 564, bloti moja itakusimulia habari nzima. Seli zenye VHL zilizopewa MG132 zitaonyesha HIF yenye alama. Zilizopewa DMOG, inayozuia PHD, zitaonyesha HIF tele isiyo na alama. Na RCC4 isiyo na VHL itaonyesha HIF tele yenye alama bila dawa yoyote, ikiwa imehukumiwa lakini hakuna wa kuipeleka. Ninapenda sana kuwaonyesha wanafunzi utando huo, maana safu zake tatu za bendi zinasomeka kama maelezo.

Hatua ya 5: Je, zinashikana?

Vuta VHL kwa kingamwili au lebo (kipande kidogo kilichoongezwa kwenye protini ili ikamatwe) na utafute HIF kwenye kilichokuja nayo, kisha fanya kinyume chake. Mshiko wa E3 na mlengwa ni wa muda mfupi, na mlengwa aliyeshikwa huvunjwa. Bila kuzuia proteasomu kwanza mara nyingi hutaona kitu. Tumia sabuni laini kwenye bafa na weka VHL zako mbili zilizoharibika. Ile ya C162F inapaswa kupoteza elongini C, na ile ya Y98H kumshika HIF kwa udhaifu.

Ushahidi safi zaidi hutoka kwenye peptidi zilizotengenezwa kiwandani. Chukua kipande kifupi cha HIF kinachozunguka prolini ya 564, kimoja kikiwa na haidroksili na kingine bila. VHL hushika cha kwanza na kukiacha cha pili. Kundi moja dogo la oksijeni na hidrojeni ndilo linaloamua protini nzima iishi au ife.

Hatua ya 6: Onyesha ubikwitini ikibandikwa

Hii ndiyo hatua inayofanywa vibaya kuliko zote. Watu huvuta HIF kwa bafa laini, hupiga bloti ya ubikwitini, huona moshi mrefu juu ya jeli na kushangilia. Moshi huo unaweza kuwa wa protini yoyote iliyoambatana na HIF.

Fanya hivi. Zuia proteasomu kwa saa nne. Vunja seli kwa bafa yenye SDS asilimia 1 na chemsha nyuzi 95 kwa dakika tano hadi kumi. Mishikano yote kati ya protini huachia, na kinachobaki kwenye HIF ni kile kilichoungana nayo kikemia. Katakata DNA kwa mawimbi ya sauti, kisha zimua mara kumi kwa bafa isiyo na SDS ili kingamwili iweze kufanya kazi. Ndipo uvute HIF na kupima ubikwitini. Utando huohuo upime pia HIF yenyewe, na hakikisha kiasi cha HIF kilichovutwa kinalingana kati ya sampuli. Bila hilo, moshi mwingi unaweza kumaanisha tu kwamba HIF ilikuwa nyingi.

Kuna vimeng'enya vinavyobandua ubikwitini, navyo vina kasi. Vizuie kwa NEM milimola 10 iliyotayarishwa siku hiyohiyo. Usiichanganye na DTT wala beta-merkaptoethanoli kwenye bafa moja, kwa kuwa hizo huimaliza NEM kabla haijafanya kazi. Ziongeze mwishoni, wakati wa kupakia jeli. Mbinu nyingine nzuri ni kutumia ubikwitini yenye lebo ya histidini na kuivuta kwa nikeli ndani ya guanidini mola 6, ambamo hakuna mshikano dhaifu unaodumu.

Halafu ijenge mashine upya ndani ya tyubu: E1, E2, kusanyiko la VHL na elongini B na C na kulini 2 na RBX1, ubikwitini, ATP, na HIF iliyokwisha kuwekewa haidroksili. Toa kiungo kimoja kila mara. Ngazi ya bendi ikitoweka kila unapotoa kimoja, unaweza kuandika kwamba VHL hufanya kazi hiyo moja kwa moja. Majaribio ya ndani ya seli peke yake hayakupi haki ya kutumia maneno hayo.

Hatua ya 7: Tengeneza mlengwa asiyevunjika

Badilisha prolini mbili za HIF kuwa alanini: 402 na 564 kwa HIF-1alfa, 405 na 531 kwa HIF-2alfa. Rudia hatua ya 3 hadi ya 6 kwa HIF hii. Inapaswa kudumu hata VHL na oksijeni vikiwepo, isishikwe na VHL, na isiwekewe ubikwitini. Kagua kwamba bado inawasha jeni zake, kwa sababu mlengwa aliyeharibika asiyevunjika hana faida kwako. Itunze vizuri kwenye friza. Jaribio muhimu kuliko yote linakuja nayo.

Hatua ya 8: Pima uvimbe mahali panapostahili

Kuhesabu seli kwenye sahani ya plastiki hakutoshi, na VHL inatufundisha hivyo waziwazi. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 1995, VHL iliporudishwa kwenye 786-O, ukuaji kwenye sahani haukubadilika kwa namna iliyoonekana, lakini seli hizohizo zilipopandikizwa kwa panya wasio na kinga kamili, uwezo wa kuotesha uvimbe ulizimwa. Aliyeishia kwenye sahani angeitupa VHL kama protini isiyo na maana. Sababu inaeleweka: sahani ina oksijeni na chakula cha kutosha, na faida ya HIF, hasa ya kuita mishipa ya damu, haina kazi hapo.

Anza na jaribio la agari laini na vifundo vya seli vya pande tatu, kisha nenda kwa panya ukiwa na kibali cha kamati ya maadili mkononi. Wagawe kwa bahati nasibu, na anayepima asijue panya yupi ana seli gani. Pima kwa kalipa mara mbili kwa wiki; ujazo ni urefu mara upana mara upana, gawanya kwa mbili. Uvimbe wa milimita 12 kwa 8 una milimita za ujazo 384. Amua mapema ukubwa ambao ukifikiwa panya anaondolewa, na uuheshimu bila kuvuta siku, hata grafu ikiwa inazidi kupendeza. Mnyama hapaswi kuteseka kwa ajili ya nukta moja zaidi.

Mwisho wa jaribio, kata uvimbe na uutie rangi kwa VHL. Vivimbe vilivyochelewa kuota kwenye kundi lenye VHL mara nyingine huwa vimeota kutokana na seli zilizoitupa VHL njiani, na usipotazama utavihesabu kama ushahidi dhidi yako.

Hatua ya 9: Rudisha mlengwa, uone kama uvimbe unarudi

Mpaka sasa una mambo mawili yanayokwenda pamoja: VHL huivunja HIF, na VHL huzuia uvimbe. Bado hujaonyesha kwamba la pili linapitia la kwanza. Tafiti nyingi hukomea hapa, na nadhani ndiyo sababu madai mengi ya aina hii hayadumu.

Chukua 786-O zilizorudishiwa VHL, ambazo hazioteshi uvimbe, na uzipe HIF-2alfa isiyovunjika. VHL ipo, inafanya kazi zake zote nyingine, lakini mlengwa huyu mmoja ameponyoka. Jaribio hili lilifanywa, na uvimbe ulirudi. Kisha fanya upande wa pili: chukua 786-O zisizo na VHL na uzime HIF-2alfa kwa RNA fupi za kunyamazisha jeni. Hilo nalo lilifanywa, na uvimbe ukadumaa bila VHL kuwepo. Jibu la kwanza linasema kwamba kuvunja HIF-2alfa ni lazima ili VHL izuie uvimbe. La pili linasema kwamba kuiondoa HIF-2alfa kunatosha, angalau kwenye seli hizi. Yote mawili yanahitajika, na hakuna bloti ya ubikwitini, iwe safi kiasi gani, inayoweza kuchukua nafasi yake.

HIF-1alfa isiyovunjika haikuleta matokeo hayohayo, ingawa nayo huvunjwa na VHL kwa njia ileile. Fikiria maana yake kwa kazi yako: E3 moja ina walengwa kadhaa, na anayevunjika waziwazi kwenye bloti anaweza kuwa si yule anayebeba uvimbe. Jaribu kila mlengwa peke yake. Hakikisha pia kiwango cha mlengwa asiyevunjika hakizidi kile cha seli zisizo na VHL, maana HIF iliyopitiliza inaweza kuotesha uvimbe kwa nguvu ambazo maumbile hayana.

Hatua ya 10: Sikiliza mabadiliko ya jeni ya wagonjwa

Mabadiliko yaliyokusanywa kutoka kwa familia za wagonjwa ni maabara ambayo maumbile yenyewe yameendesha. Yaweke ndani ya seli zako moja baada ya jingine, upime nusu-uhai wa HIF, na ulinganishe na aina ya uvimbe uliotokea. Mabadiliko yanayoiharibu VHL kabisa huenda sana na saratani ya figo. Lakini kuna kundi la familia, kwa mfano zenye L188V, ambazo hupata feokromositoma, uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo, huku VHL yao ikiendelea kuivunja HIF vizuri maabarani. Kwa uvimbe huo, hadithi ya HIF haitoshi peke yake. Kwa hiyo taja uvimbe na seli ulizopima, na uache kuandika "saratani" kwa ujumla.

Hatua ya 11: Jaribu mnyororo kwa dawa

Ikiwa uvimbe unategemea mlengwa ambaye amekosa wa kumvunja, dawa inayomzima mlengwa huyo inapaswa kufanya kazi ambayo VHL imeshindwa kuifanya. HIF-2alfa ina kishimo ndani ya sehemu inayoshikana na mwenzake HIF-beta, na dawa ikijaa humo wawili hao huachana. Belzutifani hufanya hivyo, nayo iliidhinishwa nchini Marekani Agosti 2021 kwa wagonjwa wa von Hippel-Lindau wanaohitaji matibabu ya uvimbe wa figo, wa mfumo mkuu wa neva au wa kongosho bila kulazimika kufanyiwa upasuaji mara moja.

Kwenye maabara yako, dawa ya namna hii itumie kwa seli zenye mlengwa wa kawaida na kwa seli zenye mlengwa aliyebadilishwa asiweze kuishika. Kwa HIF-2alfa, badiliko la G323E hujaza kishimo hicho. Limeonekana kwa mgonjwa aliyetibiwa kwa PT2385, dawa iliyoitangulia belzutifani, baada ya uvimbe wake kuwa sugu. Seli zenye G323E zikiendelea kuotesha uvimbe chini ya dawa huku zile za kawaida zikidumaa, dawa inafanya kazi kupitia HIF-2alfa. Zikidumaa zote mbili, dawa inagonga kitu kingine, na itakubidi kukitafuta.